Mtu Mmoja Aliyetoa Damu ya Watatu

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana sindano zilishakuwepo na watu walishajua kuziogopa, palikuwa na kijiji kiitwacho Ukusi, huko juu kabisa ya dunia ambako bahari huganda mtu akapita juu yake kwa miguu. Msiniulize walilima nini. Hawakulima. Waliwinda sili, mnyama wa baharini mwenye sharubu na mafuta mengi, wakamla nyama na kumvaa ngozi. Walikuwa watu sitini na wawili tu, na kwa kuwa barafu iliwazunguka pande zote, walioana wao kwa wao tangu enzi za mababu.

Watu hawa walikuwa na desturi yao. Mtu akifa, jina lake halikuzikwa. Lilibaki nje kwenye baridi, likisubiri mtoto azaliwe lipate pa kuingia. Likishaingia, mtoto ndiye marehemu, na undugu wote wa marehemu ni wake. Ndiyo maana ungemkuta baba mzima mwenye ndevu anamwambia mtoto wa miaka minne, "Shikamoo, mama," na mtoto anaitikia marahaba bila hata kutoa kidole mdomoni.

Basi alikuwepo mwindaji mmoja, Ujarak. Mwaka aliozaliwa walikuwa wamekufa watu watatu na mtoto akapatikana mmoja, kwa hiyo akabebeshwa majina yote: Ujarak, Minik na Tulima. Huyo Tulima aliacha mjane, Bi Arnaluk, mkunga wa kijiji. Bibi huyo alimwita Ujarak "mume wangu" tangu siku aliyomzalisha. Alimtuma barafu ya kuyeyusha iwe maji, alimtengenezesha mlango, na alimgombeza kwa makosa ambayo Tulima aliyafanya kabla Ujarak hajazaliwa. Masikini Ujarak, na mke wake mwenyewe alikuwa naye nyumbani akimsubiri kumgombeza kwa zamu yake.

Kiangazi kimoja ikaja meli, akashuka daktari aitwaye Halvor. Alitaka damu. Alisema watu waliojitenga miaka mingi namna ile huwa na alama katika damu ambazo hazipatikani kwingine, nazo hurithiwa mzazi kwa mtoto. Kila atakayetoa damu angepewa paketi ya chai na mfuko wa sukari. Sukari, huko ambako hata jani la mchicha halioti!

Ujarak akaja. Akaulizwa jina. "Ujarak." Akakunja mkono wa koti, akachomwa, akabeba sukari yake, akaenda.

Kesho yake akaja. Akaulizwa jina. "Minik." Akakunja mkono wa pili, akachomwa, akabeba sukari yake, akaenda.

Kesho kutwa akaja tena, kofia ya manyoya imeshuka mpaka puani. "Tulima." Akachomwa, akabeba sukari, akaenda akipiga mluzi.

Halvor alikuwa mtu wa kutazama mishipa, nyuso hakuzitazama. Lakini Bi Arnaluk alikuwa amekaa palepale pembeni akishona viatu, na aliona yote. Akaendelea kushona. Kwake yeye uongo ulikuwa wapi? Tulima alikuwa na haki ya sukari kama watu wengine, na sukari ya Tulima ilinywewa chai nyumbani kwake.

Halvor akapima damu zote. Akakuta watu wanne damu yao haina alama fulani ambayo karibu kila mtu duniani anayo. Mtu wa namna hiyo ukimtilia damu ya kawaida, mwili unaikataa, naye anakufa. Wanne wenyewe walikuwa Ivalu, mwanamke mjamzito, na Ujarak, na Minik, na Tulima. Daktari alifurahi karibu acheze ngoma.

Ivalu alikuwa na hofu. Uzazi wake wa kwanza alitokwa damu nyingi, na mtoto hakuishi. Akaomba apelekwe na meli kwenye hospitali ya mjini. Halvor akamkatalia kwa upole. Akamwambia hospitali ile haina hata tone la damu yake, ilhali hapa anao watatu wa kumtolea, na yeye mwenyewe atabaki kijijini mpaka azae. Ivalu akauliza watatu hao ni akina nani. Halvor akasema majina ya watoa damu ni siri, hayatoki kitabuni mwake. Meli ikaondoka, bahari ikaganda.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mara nyingine anayeumia mwishoni mwake ni mtu mwingine. Ivalu akajifungua mtoto wa kike, mzima, analia vizuri. Damu ya mama ikakataa kukatika.

Halvor akaagiza aitwe Ujarak. Akaja, akatoa mfuko mmoja, ukaisha wote mwilini mwa Ivalu. Halvor akaagiza aitwe Minik.

"Ndiye mimi," akasema Ujarak.

"Mwite Tulima basi!"

"Naye ndiye mimi."

Daktari akaketi juu ya sanduku, uso umemwisha rangi. Ujarak akakunja mkono wa pili. Akasema amekula sukari ya watu watatu, basi na atolewe damu ya watu watatu. Halvor akatoa mfuko wa pili, akautia mwilini mwa Ivalu. Ujarak akadai wa tatu, Halvor akakataa kwa kuwa ungemuua; wakabishana, mpaka Ujarak akazimia katikati ya matusi. Hapo Bi Arnaluk akamsukuma daktari kando, akaingiza mkono kwenye njia ya uzazi ya Ivalu, akakunja ngumi, mkono wa pili akakandamiza tumbo kwa nje. Akakaa hivyo mpaka mabega yakafa ganzi. Damu ikakatika. Ivalu akapona.

Sasa, kwa watu wale mtoto hanyonyi kabla ya kupewa jina, na heshima ya kumpa jina ni ya aliyemwokoa mama. Mtoto analia. Wakajitokeza watatu.

Halvor akasema, "Bila mimi mngemtilia damu yoyote, mkamuua kwa huruma yenu. Mama yangu alifariki nikiwa huku kwenu, habari nilizipata kwa redio ya meli, sikumzika. Aitwe Solveig."

Ujarak, amelala chini kama nguo iliyofuliwa, akasema, "Damu iliyomo ndani yake ni yangu. Na mfuko wa pili aliutoa Tulima, mimi nimemsikia akitoka. Mtoto aitwe Tulima, na mimi nipumzike kuwa mume wa huyu bibi."

Bi Arnaluk akamtupia kiatu. Kisha akalia, na hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akilia. "Damu zenu zote zilikuwa zinamwagika chini kabla sijaziba kwa ngumi yangu. Binti yangu Natuk alizama kwenye barafu mwaka wa tisa sasa. Jina lake liko nje kwenye baridi. Nimezalisha watoto wa watu wote humu, na kila mara wanampa mtoto jina la mtu mwingine."

Najua kuna mjanja hapo nyuma anataka kusema apewe yote matatu. Kaa chini. Ivalu alishasema: ameona majina matatu yakiwa ndani ya mtu mmoja yanavyokaribia kuua watu, na mwanawe atapata moja tu.

Akawatazama. Daktari ndiye aliyemzuia asipande meli. Ujarak ndiye aliyedanganya. Bibi ndiye aliyejua akanyamaza, akanywa na chai juu yake. Watatu hao walikaribia kumuua, na watatu haohao ndio waliomponya.

Ivalu akamwinamia mtoto, akamnong'oneza jina moja sikioni. Mtoto akanyamaza, akashika titi.

Mimi nalijua jina hilo, wala silisemi, hata mkinipa sukari. Semeni ninyi. Je, nani alistahili?