Mwezi Ambao Mzee Ubaidi Hakuuona

Inasimuliwa na waliopokea kwa waliokuwapo kwamba katika mji wa Zahwan, zama za waja wema waliotutangulia, alikuwako mfuma mazulia aitwaye Ubaidi bin Salman, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mcha Mungu asiyejisifu. Macho yake yalikuwa makali hata uzeeni, na kila jioni ya kuandama mwezi mji mzima ulikuwa ukingoja kusikia Ubaidi amesemaje.

Kisha amiri wa mji akafariki, akaacha wapwa wawili, kila mmoja akiutaka uamiri. Fahali wawili hawakai zizi moja. Zahwan ya Juu ikamfuata Jarir, Zahwan ya Chini ikamfuata nduguye, na njia ya kati ikawekwa walinzi. Hata Idi haikusalimika. Watu wa Juu kila mwaka wakadai wameuona mwezi jioni ya ishirini na tisa, hata mbingu ikiwa tupu. Watu wa Chini kila mwaka wakakamilisha thelathini, hata mwezi ukiwaka juu ya vichwa vyao. Ilimradi wasile sikukuu pamoja. Maskini mwezi, nao ukatiwa chamani!

Ubaidi alikaa Juu. Alijua kwamba mashahidi wa Jarir wanaona kisichokuwapo, akanyamaza. Alijiambia, "Mimi mfuma mazulia, mambo ya wakubwa yananihusu nini?" Akala Idi kama wenziwe.

Lakini Idi hizo hazikumpita kooni. Binti yake wa pekee, Ramla, alikuwa ameolewa Chini na kijana aitwaye Asim, na tangu mji upasuke hakumwona tena. Asim alikuwa mtu wa chama hasa, amekula kiapo kwamba mkewe hatakanyaga Juu katika nyumba za waongo. Basi kila alasiri mzee alipanda darini akatazama moshi wa majiko ya Chini, akijiuliza upi ni wa Ramla. Mara nyingine, akiwa anafuma, alimwita amletee uzi, kisha akakumbuka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzee huyu aliujua mpaka mifupani.

Mwaka mmoja kicheko cha watu wa Chini juu ya mashahidi wa Juu kilizidi, na Amiri Jarir akaona aibu. Jioni ya ishirini na tisa, kabla ya magharibi, akamwita Ubaidi.

"Sheikh Ubaidi, leo shahidi ni wewe. Hata mahasimu wetu hawathubutu kukukadhibisha."

"Nikiuona nitasema, ewe Amiri."

"Utauona," akasema Jarir kwa upole. "Nami asubuhi nitaifungua njia ya kati, na mlango wa kwanza kugongwa na watu wangu utakuwa wa binti yako. Idi hii utaila na Ramla."

Roho ya mzee ikamruka. Siku nyingi hakuna aliyelitaja jina lile mbele yake.

Akapandishwa juu ya paa la msikiti pamoja na kadhi, na Amiri mwenyewe akawafuata. Mtaani mbuzi walikwisha chinjwa na sufuria zimeinjikwa, hata mwenye pua timamu angejua kwamba mwezi wa Juu huandama kabla jua halijazama. Jua likachwa. Ubaidi akatazama, akatazama, machozi yakimlengalenga. Wallahi, kama mwezi ungeonekana kwa mapenzi tu, angeuona.

"Umeuona?" akauliza kadhi.

"Nimetazama, na moyo wangu wote unataka uwepo. Sikuuona."

"Tazama tena!" akasema Amiri.

"Nimekwisha tazama, ewe Amiri. Na mwaka jana nilitazama, haukuwapo, nikanyamaza. Watu husema ninyi wakubwa ndio mlioupasua mji. Lakini mlihitaji watu wa kunyamaza, nami nilikuwa mmoja wao. Leo sehemu yangu naiondoa."

Kadhi alikuwa mtu anayemcha Mungu kila anapopata wa kumcha naye. Akatangaza kwamba kesho ni saumu.

Watu wa Juu wakafunga siku ile katikati ya harufu ya nyama, na kila harufu ilipowapiga walimlaani Ubaidi. Hakuna aliyeitikia salamu yake. Mzee akalia, wala si kwa matusi yao. "Ya Rabi," akasema, "nimesema kweli Yako, na mwanangu nimemkosa. Nipe subira, kwani yangu imekwisha."

Kumbe walinzi wa njia ya kati, mchana mahasimu, jioni walikuwa wakipeana maji na umbea. Habari ikashuka Chini.

Asubuhi ya Idi takbira za Juu na za Chini zikapanda kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu mji upasuke. Watu wakasimama milangoni wakisikiliza, wengine wakijifuta machozi bila kusema kwa nini. Baada ya swala hakuna jirani aliyekwenda kwa Ubaidi. Kisha akasikia hodi. Alikuwa Asim, na nyuma yake Ramla.

"Baba," akasema Asim, macho chini, "nilikula kiapo juu ya nyumba za waongo. Nyumba hii haimo. Uliombwa uongo kwa thamani ya mwanao, ukakataa. Na mimi mwaka juzi niliuona mwezi kwa macho yangu haya, nikaapa kwamba sikuuona."

Ramla akamshika mzee mashavu.

"Baba, umekonda."

"Ni saumu, mwanangu. Mwaka huu tumefunga yote."

Walikaa mpaka adhuhuri tu, kwani walinzi hawakuweza kufumba macho zaidi ya hapo. Ramla alipoondoka na mumewe, mzee alilia tena, na hamu yake ilikuwa kubwa kuliko jana.

Maamiri wale wawili hawakupatana mwaka ule, wala uliofuata. Sisi nasi tunapouliza nani atauunga mji wetu, huwa tunawatazama wakubwa, nao hula kwa ukimya wetu. Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi wa yote. Nasi, kila mmoja wetu, tunajua vyema tulichokiona na tulichokinyamazia.