Ngedere Bingwa wa Lugha ya Mlima

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, na anayesinzia aamke!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, juu kabisa milimani, aliishi Mama Pimbi. Alilima mteremko mkali, akapanda maharage. Maharage hayo ndiyo chakula cha wanawe mwaka mzima. Juu yake tu palikuwa na shamba la Ngedere.

Huyo Ngedere, jamani! Bingwa wa lugha ya mlima! Kila harusi yumo, kila ngoma yumo, shuka begani, kidevu juu. "Vijana mmepotea! Lugha ya babu zetu inakufa!" Akitaja majina ya zamani ya udongo na ya mvua, wanyama wanapiga makofi. Shambani kwake? Magugu. Ukuta wa mawe wa kuzuia udongo umebomoka, yeye hata hana habari.

Mama Pimbi akapanda kwake, anahema, hee, hee.

"Jirani, masika yanakuja. Ukuta wako ukibaki hivi, udongo wote utafukia maharage yangu. Njoo tuujenge."

"Aa, Mama Pimbi! Maneno gani hayo ya bondeni? Sema kwa lugha yetu."

Akasema. Ngedere akafumba macho.

"Tamu! Hebu rudia."

Akarudia.

"Tamu kweli! Hivyo ndivyo alivyosema bibi yangu. Kesho nitayasema harusini." Akajiendea zake kunywa pombe.

Mama Pimbi alikasirika hadi masharubu yakatetemeka. Akashuka. Akaanza kujenga ukuta wake mwenyewe, juu ya maharage yake. Jiwe, tup! Jiwe, tup! Viganja vikachubuka. Ngedere anapita, anauliza, "Jiwe hilo wazee waliliitaje?" Mama Pimbi akaliweka, tup! Akainamia jingine. Ungemjibu wewe?

Mvua ikaja. Pwaa! Pwaa! Shamba la Ngedere likaporomoka, guruguruguru, likagonga ukuta wa Mama Pimbi, likatulia hapo. Maharage hayakuguswa. Kulipokucha, kwa Ngedere ulibaki mwamba mtupu.

Akaja mbio, wanyama nyuma yake wakija kutazama. "Nirudishie udongo wangu!"

"Desturi ya mlima inasemaje, bwana mkubwa?"

Ngedere aliijua, na wanyama wote waliijua: udongo ulioporomoka ni wa aliyejenga ukuta uliouzuia.

"Sasa mimi nitakula nini?"

"Utakula ukilima kwangu. Jembe lile pale. Anza."

Ngedere akalishika jembe. Akaligeuza huku, akaligeuza kule. Masikini, hakujua hata linashikwaje! Wanyama wakacheka hadi wakakaa chini.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Anayeupenda mlima na aulime. Kuusifia kwenye sherehe huku shamba linaporomokea jirani si mapenzi, ni kelele tu.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye ukuta uliobomoka aende akaujenge.