Kofia ya Mahindi na Maharagwe

Zamani, wajukuu zangu, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, ng'ambo ya bahari kuu, huko Marekani, palikuwa na kijiji cha watu waliomkimbia mfalme. Sogeeni, ila msinilalie magotini. Magoti haya yamechoka kama ya huyo ninayemsimulia.

Aliitwa Obadia. Ndiye aliyewapitisha msituni akiota nchi isiyo na mfalme, na ndiye aliyewawekea desturi: kila baada ya mavuno, kofia inazunguka. Anayemtaka kiongozi aendelee hutia punje ya hindi. Asiyemtaka hutia haragwe. Desturi nzuri, sivyo? Lakini Obadia alikosea: alitia yeye kwanza, mbele ya macho yao. Akitia hindi, nao hindi. Mwaka ukaja, hindi. Mwaka ukapita, hindi. Obadia akazeekea kitini, mgongo ukamuuma, na mkewe Tabitha akazoea kula peke yake.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, akasimama. "Jamani, nimechoka. Nataka kwenda kwangu."

"Unatuachia nani, baba?" wakalia. "Bila wewe tumekwisha!"

Obadia akatia haragwe. Wakautazama mkono wake. Wakatia haragwe, haragwe, haragwe, hata wale waliokuwa wakilia.

Alipoimwaga kofia mezani, moyo ulimruka kwa furaha. "Haya, nani ashike kiti changu?"

"Tuambie wewe, baba."

Furaha ikamtoka. Kumbe walimkimbia mfalme mmoja wakajitengenezea mwingine, na huyo mwingine ni yeye! Maskini, alitamani kulia.

Ndipo akaona punje moja ya hindi katikati ya maharagwe. "Ya nani hii?"

"Yangu," akasema Jerusha, mjane mfinyanzi. "Mkono wako nimeuona, baba. Lakini mimi bado nakutaka, na siwezi kuidanganya kofia."

Seremala mmoja akakohoa. "Basi na awe Jerusha!"

Kofia ikaanza kuzunguka upya, safari hii kwa ajili ya Jerusha. Wote wakautazama mkono wa Obadia. Naye akaitia mikono yake mifukoni, yote miwili, akatoka nje. Nyuma yake kimya, kimya kirefu, kisha punje ya kwanza ikaanguka. Hindi au haragwe? Hakugeuka kutazama. Alikwenda kula na mkewe.

Mwenye kuanzisha jambo, wajukuu zangu, kazi yake ya mwisho ni kuuficha mkono. Na ndiyo ngumu kuliko zote.

Kisa nimekitua hapa kizingitini, mwenye nguvu na akibebe. Mimi nakwenda kulala.