Pimbi, Fisi na Sufuria ya Semina

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa sufuria!

— Ndani mna nini?

Mna harufu!

— Na chakula chenyewe?

Ngojeni, mna haraka ya kwenda wapi? Na wewe hapo nyuma, acha kutafuna muwa, krau krau krau, hata sauti yangu mwenyewe siisikii. Haya, tega sikio.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule yao chini ya jabali kubwa. Mwalimu Muhanga alifundisha kuchimba. Mwalimu Kanga alifundisha kupiga kelele adui akija. Na Mwalimu Pimbi, mdogo wa umbo lakini mwingi wa akili, alifundisha kupanda jabali.

Basi Pimbi alikuwa na shida. Wanafunzi wake hawapandi. Anawaeleza, wanapanda, serereee, pu! Chini. Anawaeleza tena, wanapanda, serereee, pu! Anawaeleza mpaka koo linamkauka, wanapanda, serereee, pu! Na kiangazi kilikuwa mlangoni. Kiangazi kikiingia, majani mabichi hubaki juu ya jabali tu, na mtoto asiyejua kupanda atalala njaa. Pimbi akiwaza hayo, moyo ulikuwa unamuuma kwelikweli.

Siku moja akapita karibu na darasa la Muhanga, akaona ajabu. Muhanga ameketi kimya, na watoto wanachimba, chaku chaku chaku, hata vichwa havionekani.

"Kaka Muhanga," akasema Pimbi, "hebu nikae hapa nitazame unavyofundisha. Kisha nawe uje kwangu, uniambie ninapokosea."

"Karibu, dada, tena karibu sana..."

"Nani huyo?" Sauti ikanguruma kichakani.

Lo! Kumbe ni Mkufunzi Fisi. Huyu ndiye aliyepewa kazi ya kuwanoa walimu. Kila muhula aliita semina, na semina yake haianzi bila sufuria ya makande ya nazi yenye mifupa, na walimu ndio wa kuchanga. Fisi husema, walimu husinzia. Fisi husema, walimu husinzia. Halafu Fisi hula. Hula makande, hula mifupa, hulamba sufuria, na walimu hurudi makwao na miayo.

"Mwalimu amfundishe mwalimu?" akafoka. "Tangu lini kipofu akamwongoza kipofu? Maarifa yanatoka kwangu! Nikimkuta mtu darasani kwa mwenzake, kazi hana!"

Pimbi alikasirika hata manyoya yakamsimama, lakini ulimi akaupaka asali.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba."

"Umesema kweli tupu. Basi semina hii utufundishe kwa vitendo. Chukua darasa langu, uwafundishe watoto kupanda, sisi tutazame. Tukikosa kujifunza kwako, tutajifunza kwa nani?"

Fisi akacheka, akajikuna shingo. "Na sufuria?"

"Sufuria kubwa kuliko zote, Mkufunzi. Ila somo la kutazamwa lina desturi yake. Aliyefundisha huketi kitini, hagusi chakula, husikiliza. Kila aliyetazama hutoa sifa yake, kisha huenda kula. Sifa zikiisha, kilichobaki chote ni cha aliyefundisha."

"Chote?"

"Chote, na mifupa yake."

Fisi akalitazama tumbo la Pimbi, dogo kama ngumi. Akamtazama Kanga, anayedonoa punje mojamoja. Akamtazama Muhanga, mdomo mwembamba usiopitisha hata goti la mbuzi. Akasema moyoni, "Hawa watakula nini? Nimeshiba tayari!" Akakubali.

Siku ya semina ikafika. Sufuria ikatokota, to to to to. Fisi akasimama chini ya jabali mbele ya wanafunzi.

"Kupanda ni nini?" akauliza, akajijibu mwenyewe. "Kupanda ni kutokuwa chini! Na chini ni nini? Chini ni kutokupanda!"

Akaendelea hivyo hivyo, jabali lenyewe hakuligusa hata kwa ukucha. Watoto wakalala fofofo, koroo, koroo. Alipomaliza, Pimbi akamkalisha kitini.

Muhanga akainuka. "Mkufunzi, sauti yako! Hata mchwa wa chini kabisa wameisikia."

"Eeeh!" akasema Fisi, masikio juu. Muhanga akaenda kula, nyamu nyamu nyamu.

Kanga akainuka. "Mkufunzi, nidhamu! Hakuna mtoto aliyeuliza swali hata moja."

"Eeeh!" akasema Fisi, mkia juu. Kanga akaenda kula, do do do do.

Pimbi akainuka. "Mkufunzi, usafi! Umefundisha kupanda jabali, na miguu yako haina hata vumbi."

"Eeeh!" Fisi akatabasamu, meno yote nje. Akaanza kuinuka aende kwenye sufuria.

"Sifa zimekwisha, Mkufunzi?" akauliza Pimbi kwa upole. "Maana hata wanafunzi walitazama, kabla ya kulala. Nao wana sifa zao. Tuwaambie wanyamaze, au waseme?"

Tumbo la Fisi likanguruma, nguruuu. Akaitazama sufuria. Akawatazama watoto, walioamka wakimkodolea macho. Jamani, sifa ni tamu! Akaketi. "Mmoja tu aseme."

Mtoto wa sungura akasema, "Mkufunzi, una masharubu mazuri." Akaenda kula.

"Eeeh! Mwingine mmoja tu."

Mtoto wa digidigi akasema, "Mkufunzi, una madoa mazuri." Akaenda kula.

"Eeeh! Huyo wa mwisho."

Wa mwisho akafuatwa na wa mwisho mwingine. Tumbo, nguruuu! Fisi, "Eeeh!" Tumbo, nguruuu! Fisi, "Eeeh!" Mtoto wa nguruwe akamsifu, akachukua goti la mbuzi. Mtoto wa mbweha akamsifu masikio, akachukua ubavu. Darasa zima likamsifu, darasa zima likashiba.

"Sasa zimekwisha," akasema Pimbi. "Kilichobaki chote ni chako."

Fisi akaruka, hop! Akatia kichwa kizima ndani ya sufuria. Akanusa. Mlikuwa na harufu.

"Na muhula ujao, Mkufunzi," akasema Pimbi, "uje tena utufundishe. Maana mtu akishatazamwa, hutazamwa kila semina. Desturi ni ileile."

"Sitaki!" Sauti ya Fisi ikavuma ndani ya sufuria. "Sitaki kuwaona! Fundishaneni wenyewe!"

"Mmesikia?" akasema Pimbi. "Mkufunzi ameagiza." Na walimu wote wakaitikia, "Tumesikia!"

Kesho yake asubuhi Muhanga akaja kuketi kwenye darasa la Pimbi, kweupe kabisa, bila kujificha. Watoto wakapanda, serereee, pu! Muhanga akatazama mpaka mwisho, ndipo akasema:

"Dada, unawapenda watoto hawa, inaonekana. Ila nikuulize. Wakipanda, mdomo wako unafanya nini?"

"Unaeleza."

"Na ukinyamaza?"

Pimbi akanyamaza. Ilimchoma, nyie! Mara ngapi aliuma ulimi! Lakini akanyamaza. Mtoto mmoja akajaribu, mwenzake akamtazama miguu. "Si hapo, weka ukucha hapa!" Kwata. Kwata kwata. Kwata kwata kwata, mpaka juu! Kiangazi kikaingia, na kule juu ya jabali watoto walikuwa wakitafuna majani mabichi, na Pimbi chini anawatazama, kimya, machozi ya furaha yanamtoka.

Hadithi yangu imeishia sufuriani. Atakayekuta ukoko akwangue mwenyewe.

Na fundisho lake? Watoto wazuri huwatii wakubwa wao. Mtazameni Pimbi: Fisi aliagiza, naye anatii mpaka leo. Na mkubwa akija kwenu mgeni, msimpe chakula, kitamvimbisha tumbo bure. Mpeni sifa.

Haya, wewe mwenye muwa, nimegee kipande. Una masharubu mazuri.