Sauti ya Pili

Katika vijiji vya mteremko wa Mlima Meru, kuanzia Akeri hadi Poli, harusi haikuhesabiwa kuwa imefana kama Eliud na Jamaldini hawakuipigia magitaa. Eliud Sumari alikuwa Mmeru, mtoto wa Mzee Melkizedeki, mkulima wa kahawa na migomba na mzee wa kanisa la Kilutheri. Jamaldini alizaliwa Kaloleni, katikati ya jiji la Arusha, katika familia ya Kiislamu iliyohamia kutoka Kondoa. Walikutana wangali vijana wasio na ndevu, wakawa chanda na pete. Eliud alipiga sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo. Jamaldini alipiga sauti ya pili, ile inayokwenda chini yake bila kuipita wala kuachwa. Hawakuwa na haja ya kutazamana. Eliud akipunguza mwendo, Jamaldini alikuwa ameshapunguza.

Nyumbani kwa Mzee Melkizedeki, Jamaldini alihesabiwa kuwa mwana. Bibi Hanna, mama yake Eliud, alimchemshia chai ya maziwa kila alipopanda mlimani. Mzee naye alikuwa na wimbo wake mmoja wa kanisa, wa Kimeru, aliouanzisha kila Jumapili baada ya chakula, na vijana hao wawili walimsindikiza kwa magitaa. Jamaldini hakuyatamka maneno yake, kwa kuwa alikuwa na dini yake, lakini wimbo wenyewe aliujua kama njia ya kwenda kwao.

Mambo yaligeuka pale mwanafunzi mmoja wa kigeni, aliyekuwa akimaliza masomo ya muziki chuoni Makumira, alipomuuzia Eliud pedali. Kilikuwa kisanduku cha chuma ambacho mpigaji hukikanyaga kwa mguu ili kubadili sauti ya gitaa lake. Hii haikuwa pedali ya kawaida. Ukishaichagulia ufunguo wa wimbo, yaani kiwango cha juu au cha chini unaoimbiwa, kila noti uliyoipiga iliiongezea noti nyingine inayopatana nayo. Mtu mmoja alipiga, wakasikika wawili. Eliud aliijaribu chumbani kwake, akaipanga hadi ile sauti ya ziada ikaenda chini ya yake, vilevile kama Jamaldini alivyozoea kwenda. Alishangaa, kisha akacheka peke yake.

Haukupita muda mrefu, mwenye hoteli moja ya Usa River akatafuta mpiga gitaa wa kuwaburudisha wageni wake mchana. Alitaka mmoja tu. Eliud akaichukua kazi hiyo, wala hakumwambia mwenzake. Jamaldini alipopiga simu kuuliza kama kuna harusi, Eliud alimjibu, "Bado mambo hayajakaa sawa, ndugu yangu. Yakikaa nitakwambia." Siku zikageuka miezi.

Lakini mbiu ya mgambo ikilia haifichiki. Jamaldini alisikia habari mjini, na alasiri moja akaenda mwenyewe Usa River. Alisimama nje ya ua wa hoteli, kwenye michongoma, akasikiliza. Alisikia gitaa la Eliud. Chini yake akasikia gitaa la pili, likipita mle mle alimozoea kupita yeye, na kwenye kiti cha pili hapakuwa na mtu. Alihisi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta nguo zake zimevaliwa na mwingine.

Eliud alipotoka kupumzika, akamkuta pale.

"Hiyo sauti ya pili anapiga nani?" Jamaldini aliuliza.

"Ni mashine tu, Jamal."

"Haikosei?"

"Haikosei."

"Wala haichelewi?"

Eliud aliinamisha macho. "Hoteli walitaka mtu mmoja. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia," Jamaldini alisema. Sauti yake haikupanda. "Hilo tu. Ungeniambia."

Akaondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu. Eliud alitamani kumwita, lakini kiburi kilimzuia. Wageni walikuwa wakimsubiri, akarudi kwenye kiti chake.

Mvua za masika zilipokuwa zikimalizika, Mzee Melkizedeki alifariki dunia. Aliugua kifua kwa muda mfupi, akaenda kama mshumaa uliopulizwa. Kaburi lilichimbwa shambani kwake, pembeni ya migomba, na watu wakafurika kutoka kila upande wa mlima. Eliud, kama mtoto wa kiume wa kwanza, aliapa kumzika baba yake kwa heshima ambayo kijiji kisingeisahau. Alileta spika, jenereta, gitaa lake na pedali yake.

Dada yake, Vaileth, alimvuta kando. "Kaka, tumwimbie baba kwa midomo yetu tu. Inatosha."

"Baba yangu hatazikwa kimyakimya," Eliud alijibu.

Kwaya iliimba, naye akapiga. Ufunguo wa nyimbo za kwaya alikuwa ameujua mapema, akauweka kwenye pedali, na magitaa mawili yakasikika hadi ng'ambo ya korongo. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Eliud alijiona amelipa deni la mwana kwa baba.

Kisha jeneza likateremshwa. Mchungaji alipomaliza maneno yake, Bibi Hanna akasogea hadi ukingoni akiwa ameshikwa mkono na Vaileth. Hakuna aliyekuwa amemwomba kuimba. Alianzisha wimbo wa mumewe, ule wa Jumapili, kwa sauti ndogo inayotetemeka, chini sana kuliko mzee alivyouimba. Huzuni ndiyo iliyomchagulia ufunguo.

Eliud aliitafuta sauti ya mama yake kwenye nyuzi, akaipata. Lakini pedali haikuwa na masikio ya kumtafuta mtu. Ilijua ufunguo ilioambiwa mwanzo, ikaendelea kuongeza noti zake huko. Sauti ya ziada ikatoka kwenye spika ikiwa kali na mbovu, ikigongana na sauti ya mama, kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Wanakwaya waliokuwa wameanza kuitikia wakatazamana. Bibi Hanna akajikwaa kwenye mstari, akajaribu tena, akajikwaa tena. Akanyamaza.

Aligeuka, macho yake yakamtafuta mwanawe. "Eliud, huyo mwingine ni nani anayenipotosha?"

Mguu wa Eliud ulikandamiza pedali, nayo ikazimika. Alijaribu kuendelea kwa gitaa lake peke yake, lakini vidole vilikuwa vimeshaipoteza sauti ya mama, na noti zikatoka moja moja, kila moja na njia yake. Mama yake alisimama mbele ya kaburi la mumewe akiwa amefungua mdomo, na wimbo haukutoka. Eliud aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Mama alikuwa na nafasi moja tu ya kumuaga mume wake, naye alikuwa ameiharibu.

Hapo ndipo sauti nzito ikasikika kutoka upande wa wanaume. Haikuwa na maneno. Ilikuwa mvumo tu wa mdomo uliofungwa, ukipita chini ya wimbo, taratibu, pale pale alipouacha mama. Watu wakageuka. Jamaldini alikuwa amesimama nyuma na majirani zake wa Kaloleni, kofia kichwani, mikono imefumbatwa. Bibi Hanna alisikiliza kidogo, akapumua, akaushika wimbo. Safari hii hakujikwaa. Alimwimbia mumewe hadi ubeti wa mwisho, na sauti ile ya pili ikawa chini yake muda wote, ikimngoja machozi yalipomzuia na kwenda naye alipoendelea. Eliud aliliweka gitaa chini.

Baada ya maziko Jamaldini alimpa Bibi Hanna mkono. "Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Umenisaidia kumuaga mzee wako." Alimshika mkono kwa muda mrefu. "Ulikuwa umepotelea wapi?"

Jamaldini alitabasamu kidogo, asimtaje mtu.

Arobaini ilipopita, Eliud alikwenda Kaloleni. Alimkuta Jamaldini mbele ya nyumba ya kupanga, ametoka kupakua magunia ya mahindi ghalani kwa mjomba wake, viganja vimechubuka.

"Nimekuja kukuomba radhi," Eliud alisema. "Nilikukosea. Turudi tupige pamoja, kama zamani."

Jamaldini alimsogezea kigoda. "Nilikusamehe siku ile ile ya maziko, Eliud. Mzee alikuwa baba yangu pia."

"Basi turudi."

"Gitaa nimeliuza. Nilisubiri simu yako mpaka nikachoka kulitazama." Alivifungua na kuvifunga vidole vyake vilivyokakamaa. "Na vidole hivi haviendi tena kule vilikokuwa vikienda. Njoo unitembelee, tunywe kahawa. Lakini kupiga, hapana."

Eliud alitaka kusema atamnunulia gitaa jingine, akaona kuwa si gitaa lililopotea. Walikaa hadi adhana ya alasiri, Jamaldini akanyanyuka kwenda kutawadha, na Eliud akashika njia ya kurudi mlimani. Hadi leo hupiga peke yake, wimbo bila mwenza, na akiulizwa sababu hujibu kwa maneno machache tu: usiache mbachao kwa msala upitao.