Jina Moja kwa Mtoto Njiti

Haya, kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sisimami.

Kule Itambo, milimani, ambako mwezi wa saba maji ya ndoo huganda utando, waliishi wanawake watatu majirani. Sekela, muuza kabichi, alikuwa na masikio: habari haikupita kijijini bila yeye kuinasa. Oliva, mwalimu mstaafu, alikuwa na mkono wa kuandika. Barua yake ilimketisha hata ofisa mwenye haraka. Na Tulizo, mpika maandazi, alikuwa na mwili mpana wenye joto, mpaka paka wa jirani waligombania kulala miguuni pake.

Wa nne, Yusta, hakuwa na kipaji cha kujivunia. Alikuwa na mtoto. Binti huyo alizaliwa njiti, miezi miwili kabla ya wakati. Siku ya kuruhusiwa hospitali, muuguzi alimwambia Yusta, "Mama, baridi ndiyo adui wa huyu. Chumba kiwe na joto saa zote. Na jiko la mkaa usiliingize ndani, hewa yake itawamaliza wote wawili."

Yusta akaazima hita ya umeme kanisani. Hita ile ilikula uniti kama mbuzi aliyefunguliwa shambani, na mumewe alikuwa mbali akipasua mbao, hajatuma kitu. Asubuhi ya siku ya tano mita ikalia, ikanyamaza, na hita ikapoa. Yusta aliona midomo ya mwanawe inabadilika rangi. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Sekela ndiye aliyeingia kwanza. "Yusta, inuka! Jana nilipeleka kabichi ofisi ya kata, nikamsikia mtendaji dirishani. Kuna mfuko wa kulipia umeme kaya zisizo na uwezo, na wenye wagonjwa wanatangulizwa. Mwisho wa kupeleka majina ni leo saa sita!"

Tangazo lenyewe lilikuwa halijabandikwa hata ukutani. Yusta alimshika mikono, akalia. "Dada, mwanangu akipona ataitwa Sekela."

Akaitwa Oliva aje na kalamu. Fomu, ambayo Sekela alikwisha kuichukua kata, ikajazwa vizuri mpaka kwenye mita.

"Mita ina jina la nani?"

"La baba mkwe."

"Yuko wapi atie sahihi?"

"Tulimzika mwaka juzi, Mwalimu."

Hapo ndipo wengi hukwama. Mita ni ya marehemu, fomu ni ya aliye hai, na fomu inarudishwa. Oliva alivaa miwani, akaandika barua: "Mwenye mita yuko kaburini. Anayehitaji umeme yuko kwenye kanga, na hajafika kilo mbili. Naomba wa kwanza asimzuie wa pili." Akaipeleka mwenyewe kwa miguu, akakaa kwenye benchi la ofisi mpaka ikagongwa muhuri.

"Mwalimu," Yusta akamwambia aliporudi, "mwanangu akipona ataitwa Oliva."

Lakini muhuri si joto. Jibu lilihitaji siku mbili, na Yusta, aliyekuwa amemkumbatia mtoto tangu asubuhi, sasa mwenyewe alikuwa anatetemeka kwa homa. Tulizo akafunika karai lake. Akamvua mtoto, akamweka kifuani ngozi kwa ngozi, akajifunga mablanketi mawili, akaketi. Siku mbili! Alikula ameketi, akasinzia ameketi. Yusta alikamua maziwa, yeye akamnywesha mtoto tone kwa tone.

"Na usinikojolee, binti," alimwonya. Akakojolewa palepale, akacheka mpaka blanketi likatikisika.

"Mama," Yusta akasema kwa sauti ya homa, "akipona ataitwa Tulizo."

Msimwite mwongo. Kila aliposema, alisema kwa moyo wake wote.

Siku ya tatu namba za umeme zikaingia kwenye simu. Yusta akazibonyeza, hita ikawa nyekundu, na mtoto akapiga chafya. Wanawake wale wanne walicheza mle chumbani, na mimi nasema walistahili.

Baada ya miezi miwili wakaenda kliniki wote. Mtoto alikuwa na kilo nne na mashavu. Muuguzi akafungua kadi. "Hapa bado pameandikwa 'mtoto wa Yusta.' Jina? Na liwe moja, msiniletee msururu."

"Sekela," akasema Sekela. "Bila mimi, barua ingeandikwa kwenda wapi?"

"Oliva," akasema Oliva. "Bila barua, habari yako ingebaki umbea wa dirishani."

Tulizo alikuwa anamfuta mtoto udenda. "Umeme ulikuja siku ya tatu," akasema polepole. "Nani alimfikisha siku ya tatu?"

Wakamgeukia Yusta. Aliwatazama mmoja mmoja, na aliwapenda wote, na hilo ndilo lililomuuma.

Muuguzi ameshika kalamu, na mimi nanyamaza. Wewe uliyekaa karibu na mlango, usitoke kwanza: ungemwita mtoto huyu nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?