Mikono Miwili ya Kushoto

Zamani hizo darasa la ushonaji lilikuwa chumba kirefu chenye vyerehani sita, viwili vibovu, na harufu ya mafuta ya mashine iliyochanganyika na joto la pasi ya mkaa. Waliosomea pale wanaikumbuka mpaka leo. Benchi la dirishani walikaa wasichana wawili wa kidato cha mwisho, chanda na pete. Mmoja walimwita Kijembe kwa ukali wa ulimi wake. Mwenzake aliitwa Kimya, maana maneno aliyatoa kama mtu anayetoa dawa, kwa kijiko.

Mtihani wa mwaka ule ulikuwa koti, wawili wawili. Kitambaa kilikuwa kizito, chenye uso upande mmoja tu, na ziada ilikuwa vipande vidogo tu. Koti likiharibika, mtihani umekwenda.

Asubuhi ya kuunga mikono ya koti, Kijembe aliushika wa kwanza ukakaa sawasawa. Wa pili ukagoma. Akaugeuza, ukatoa mgongo wa kitambaa nje. Moyo ukampasuka paa! Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto.

"Makubwa haya!" akapaza sauti mmoja wa nyuma. "Jamani, koti hilo mnamshonea nani?"

Darasa likaangua kicheko. Kijembe alihisi uso unawaka. Hakuvuta hata pumzi, akamgeukia mwenzake.

"Umeona ulivyoniponza? Nani alikutuma ukate? Kwenu mnajua nini nyie, zaidi ya kufua nguo chafu za watu!"

Kicheko kikakatika kama uzi. Hakuna aliyejua kwamba mama yake Kimya alikuwa dobi. Kijembe peke yake ndiye aliyeambiwa, jioni moja walipobaki wawili wakipiga pasi.

Kimya aliweka sindano mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Hakulia. Mwalimu akaiokota ile mikono, akaichungulia ndani.

"Huu una chaki nyeupe. Huu mwingine una ya bluu. Ya bluu ya nani?"

Hapo Kijembe akakumbuka. Mkono wa pili aliukata mwenyewe jana yake, mbio mbio, bila kuipindua karatasi ya kukatia.

"Yangu, mwalimu," akajibu.

"Kitambaa nitakuonyesha kukiunga. Hilo jingine, mwanangu, mimi sina uzi wake."

Waliunga vipande wakapata mkono mwingine, mshono wakauficha kwapani, koti likafaulu. Lakini Kimya alihamia benchi la nyuma. Siku ya kufunga shule Kijembe alimkimbilia mpaka getini.

"Mwenzangu, nisamehe. Hasira zilinipanda kichwani."

"Nilishakusamehe siku ileile," Kimya alisema, akamshika bega. "Ila kila nikikuona, nasikia."

Akabeba sanduku lake akaenda zake, wala hawakuonana tena.

Sasa Kijembe ni fundi mwenye mvi na wanagenzi wanne. Wakiharibu kitambaa, hunyamaza kwanza, akahesabu pumzi zake, ndipo aulize. Wao hudhani ni upole wa kuzaliwa. Hawajui kwamba kidole kikijikwaa hupona kwa siku chache, ilhali yeye anachechemea mwaka wa arobaini huu. Kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.